Uwanda katika Kujifunza Lugha ya Kigeni: Ari ya Mzungumzaji wa Kiswahili Anayejifunza Kihispania

IKISIRI

Makala haya yanajadili kipindi ambacho mwanafunzi wa lugha ya kigeni huendelea kusoma kwa bidii ileile lakini haoni tena maendeleo yake. Kipindi hicho tumekiita uwanda. Tunadai kwamba uwanda, kwa kawaida, si dalili ya kukosa kipaji wala ya kusimama kwa ujifunzaji. Ni dalili kwamba kinachojifunzwa kimebadilika ilhali kipimo cha mwanafunzi hakijabadilika. Data ya uchanganuzi inatokana na ulinganishi wa Kiswahili na Kihispania, lugha mbili ambazo hufanana katika mambo mengi ambayo mwanafunzi hukutana nayo mwanzoni, na hutengana katika mengi anayokutana nayo baadaye. Mwishoni tunapendekeza njia za kuitunza ari ya mwanafunzi na kueleza wajibu wa mwalimu.

1.0 Utangulizi

Walimu wa lugha za kigeni wanamfahamu mwanafunzi wa aina hii. Katika mwaka wa kwanza alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mbele darasani. Kila juma alirudi nyumbani na jambo jipya: salamu, tarakimu, majina ya vyakula, njeo mpya ya kitenzi. Katika mwaka wa pili au wa tatu mambo hubadilika. Anaelewa anaposomewa polepole, lakini wazungumzaji wazawa wanapozungumza wao kwa wao anapotea. Makosa anayosahihishiwa leo ni yaleyale aliyosahihishiwa miezi sita iliyopita. Huanza kuchelewa vipindi, kisha huvikosa, na hatimaye huacha. Ukimwuliza sababu, hasemi kwamba amechoka. Husema kwamba hana kipaji cha lugha.

Jibu hilo ndilo linalotusukuma kuandika makala haya. Ikiwa ni la kweli, mwalimu hana la kufanya ila kumwaga mwanafunzi wake kwa heri. Ikiwa si la kweli, basi darasa la lugha linapoteza watu ambao tayari wamekwisha kulipa sehemu kubwa ya gharama, na kila mmoja wao anaondoka na hukumu juu ya nafsi yake ambayo hakustahili.

Tumechagua Kihispania kwa sababu mbili. Kwanza, ni lugha yenye uzito katika dunia na katika bara letu. Ni lugha rasmi ya nchi 20, na mojawapo ni Equatorial Guinea, iliyopata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968. Itifaki ya mwaka 2003 ya kurekebisha Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika iliorodhesha Kihispania na Kiswahili pamoja miongoni mwa lugha rasmi za Umoja huo. Aidha, mwaka 2018 Kenya iliwapeleka madaktari wapatao 50 nchini Cuba kwa masomo ya ubingwa. Kwa watu kama hao Kihispania ni chombo cha kumsikiliza mgonjwa, wala si pambo. Pili, kama tutakavyoonyesha katika sehemu ya 4.0, mzungumzaji wa Kiswahili hupanda haraka sana katika hatua za mwanzo za Kihispania, na kwa hiyo uwanda humpiga kwa mshangao mkubwa zaidi.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

2.1 Uwanda

Katika jiografia, uwanda wa juu ni nchi tambarare iliyoinuka. Msafiri aliyetoka pwani akapanda milima hufika mahali ambapo njia haipandi tena. Miguu yake huchoka vilevile, lakini akitazama nyuma haoni kwamba ameinuka kuliko jana. Hata hivyo anasonga mbele. Tunaichukua istilahi hii kwa sababu inabeba maana zote mbili tunazozihitaji: kutoinuka na kuendelea. Msafiri anayepima safari yake kwa kimo pekee atadhani amesimama. Anayepima kwa masafa ataona kwamba hajasimama hata siku moja.

2.2 Ari na Motisha

Maneno haya mawili hutumiwa mara nyingi kama visawe. Katika makala haya tunayatenganisha. Motisha tutaitumia kwa maana ya kitu kinachotolewa na mwingine ili mtu afanye kazi: alama, cheti, sifa, nyongeza ya mshahara. Ari ni msukumo unaokaa ndani ya mtu mwenyewe.

Mgawanyo wa namna hii una historia ndefu katika taaluma. Gardner na Lambert, walioanza utafiti wao kwa wanafunzi wa Kifaransa mjini Montreal na kuchapisha makala yao mwaka 1959 na kitabu mwaka 1972, walitofautisha mwanafunzi anayetaka lugha kwa ajili ya faida fulani na yule anayetaka kuikaribia jamii ya wenye lugha. Deci na Ryan (1985) walitofautisha msukumo wa ndani na wa nje, wakasisitiza haja ya mtu kujiona anaweza. Dörnyei (2005) aliongeza kwamba mwanafunzi husukumwa na taswira ya nafsi yake ya baadaye, yaani jinsi anavyojiona akiitumia lugha hiyo siku za usoni. Nadharia hizi hazipingani kwa jambo linalotuhusu: zote zinatuambia kwamba ari haiishi bila chakula, na chakula chake kimojawapo ni mtu kuona kwamba anaweza leo asichoweza jana. Uwanda humnyima mwanafunzi chakula hicho.

3.0 Uwanda Hutokana na Nini?

3.1 Ushahidi wa Telegrafu

Utafiti wa kwanza maarufu kuhusu uwanda haukuhusu lugha za kigeni bali telegrafu. Mwaka 1897 na 1899 Bryan na Harter walichapisha nchini Marekani matokeo ya kuwapima watu waliokuwa wakijifunza kupeleka na kupokea maandishi kwa alama za Morse. Waligundua kwamba ustadi wa kupeleka ulipanda kwa mwendo uliokaribia kuwa sawa, lakini ustadi wa kupokea ulipanda, ukasimama kwa muda mrefu, kisha ukapanda tena.

Maelezo yao yalikuwa haya. Mwanafunzi huanza kwa kusikia herufi moja moja. Baadaye husikia maneno mazima, na mwisho husikia mafungu ya maneno. Tabia hizi zimepangwa kwa ngazi. Uwanda hutokea wakati tabia za ngazi ya chini zimekaribia kikomo chake, lakini bado hazijawa nyepesi kiasi cha kuiachia akili nafasi ya kushughulikia ngazi ya juu. Kwa maneno mengine, kazi inaendelea, ila ni kazi ya kuyafanya ya zamani yawe mepesi, wala si ya kuongeza mapya.

Yafaa tuwe waangalifu hapa. Watafiti wa baadaye hawakuupata uwanda huo kila walipoutafuta, na mwaka 1958 Keller aliandika akiuita mzuka. Kwa hiyo hatudai kwamba kila mwanafunzi lazima apite uwandani, wala kwamba uwanda una urefu maalumu. Tunachokichukua kwa Bryan na Harter ni wazo kwamba kupima ngazi moja peke yake kunaweza kuficha kazi inayofanyika katika ngazi nyingine. Wazo hilo linaeleza vizuri malalamiko ya mwanafunzi wetu.

3.2 Hesabu ya Msamiati

Sababu ya pili ni ya kihesabu. Katika lugha yoyote, maneno machache hutumika mara nyingi mno, na maneno mengi hutumika kwa nadra. Katika matini za kawaida za Kihispania, maneno 1,000 yanayotumika zaidi hufunika takribani robo tatu ya maneno yote yaliyomo, au zaidi. Maneno 1,000 yanayofuata huongeza asilimia zisizofika kumi, na elfu ya tatu huongeza pungufu ya hapo.

Tuchukulie mwanafunzi anayejifunza maneno 10 kwa siku bila kukosa. Baada ya siku 100 amepata elfu ya kwanza, na ukurasa uliokuwa giza umekuwa nuru. Baada ya siku 100 nyingine, kwa jasho lilelile, ukurasa umeongezeka nuru kidogo tu. Bidii haikupungua, akili haikupungua. Kilichopungua ni malipo yanayoonekana kwa kila neno. Mwanafunzi asiyeambiwa hesabu hii atahitimisha kwamba yeye ndiye aliyepungua.

3.3 Sifa ya Urahisi

Sababu ya tatu ni ya kijamii. Kihispania kina sifa ya kuwa lugha rahisi. Sifa hiyo imetiwa nguvu na makadirio ya taasisi ya Marekani inayowafunza wanadiplomasia, Foreign Service Institute, ambayo hukiweka Kihispania katika kundi la lugha zinazohitaji muda mfupi zaidi, kati ya wiki 24 na 30 za masomo ya kutwa, na Kiswahili katika kundi la wiki 36. Yapo mambo mawili ambayo husahaulika. Makadirio hayo yanamhusu mzungumzaji wa Kiingereza, na yanamhusu mtu ambaye kusoma lugha ndiyo kazi yake ya siku nzima. Mfanyakazi wa Mombasa au Dodoma anayesoma saa tatu kwa juma hawezi kujipima kwa kipimo hicho bila kujidhulumu. Tena sifa ya urahisi huongeza aibu: aliyekwama katika lugha inayosemwa kuwa ngumu hujihurumia, na aliyekwama katika ile inayosemwa kuwa rahisi hujidharau.

4.0 Mzungumzaji wa Kiswahili na Daraja la Kihispania

Sababu zilizotajwa hapo juu zinawahusu wanafunzi wote. Sehemu hii inahusu lile linalomhusu mzungumzaji wa Kiswahili hasa. Hoja ni kwamba lugha yake humpa daraja la kuvukia, na uwanda wake huanza pale daraja hilo linapokwisha.

4.1 Sauti na Msamiati

Kihispania, kama Kiswahili, kina irabu tano, na mkazo wa maneno yake mengi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiacha tofauti kama ile ya pero 'lakini' na perro 'mbwa', mzungumzaji wa Kiswahili hutamka Kihispania kwa usafi katika muda mfupi.

Katika msamiati, lugha hizi mbili zilikunywa katika visima vya pamoja. Kiarabu kilitawala sehemu kubwa ya Hispania kwa karne nyingi, na kilikutana na Kiswahili katika pwani yetu. Hivyo azúcar ni ndugu wa sukari, na hasta 'mpaka' ni ndugu wa hata. Mara nyingine maana zimeachana njiani: alcalde 'meya' na kadhi, tarifa 'orodha ya bei' na taarifa, mezquino 'bahili' na maskini. Kwa njia ya Kireno, kilicho jirani wa Kihispania, Kiswahili kilipata pia meza, bendera na mvinyo, ambayo mwanafunzi huyakuta tena kama mesa, bandera na vino.

4.2 Sarufi

Daraja la sarufi ni refu kuliko inavyodhaniwa. Tuangalie mifano ifuatayo:

(1) a. Es médico. 'Ni daktari.'
b. Está en casa. 'Yuko nyumbani.'
c. Está sentado. 'Ameketi.'

(2) a. Veo la casa. 'Naona nyumba.'
b. Veo a la maestra. 'Namwona mwalimu.'

(3) Le di el libro a Juan. 'Nilimpa Juan kitabu.'

(4) a. Quiero que vengas. 'Nataka uje.'
b. Es necesario que estudies. 'Ni lazima usome.'

Katika (1), tofauti ya ser na estar, inayowatesa wanafunzi wengi wa lugha nyingine, inakaribiana na tofauti ya ni na yuko, na hali ya -me- inatusogeza hatua moja zaidi. Katika (2), Kihispania huweka kihusishi a mbele ya yambwa ambayo ni mtu mahususi; Kiswahili hudai kiambishi -m- mahali hapohapo. Katika (3), kiambata le hurudia kutaja mpokeaji ambaye atatajwa kwa jina, kama kifanyavyo kiambishi -m- katika nilimpa. Katika (4), lugha zote mbili hutumia dhamira tegemezi baada ya kutaka na kulazimu. Mwanafunzi wetu huipata kanuni hii kabla mwalimu hajamaliza kuieleza.

4.3 Daraja Linapokwisha

Sasa tuangalie mifano mingine:

(5) a. Me alegra que estés aquí. 'Nafurahi kwamba upo hapa.'
b. No creo que venga. 'Sidhani kwamba atakuja.'
c. Cuando llegues, llámame. 'Utakapofika, nipigie simu.'

(6) a. Vivía en Sevilla. 'Aliishi Sevilla.'
b. Vivió diez años en Sevilla. 'Aliishi Sevilla miaka kumi.'

(7) a. Sabía la noticia. 'Nilikuwa naijua habari hiyo.'
b. Supe la noticia. 'Nilipata habari hiyo.'

(8) Se lo di. 'Nilimpa.'

Katika (5), Kihispania kinatumia dhamira tegemezi kwa furaha, shaka na wakati ujao, mahali ambapo Kiswahili hakiitumii. Kanuni iliyomsaidia mwanafunzi katika (4) ndiyo inayompoteza katika (5). Katika (6), njeo ya -li- haimlazimishi msemaji kuchagua kati ya jambo linalotazamwa bila mipaka na jambo lililofungwa. Kihispania humlazimisha kila anapofungua kinywa. Katika (7), uchaguzi huohuo hubadilisha hata maana ya kitenzi. Katika (8), Kihispania hubeba yambwa mbili kwa viambata viwili, ilhali kitenzi cha Kiswahili Sanifu hubeba kiambishi kimoja tu cha yambwa.

Mambo haya hayajifunzwi kwa siku moja. Kila moja linadai mwanafunzi akutane na mifano mingi katika miktadha mingi kabla hajaanza kuhisi mpaka wake. Katika muda wote huo ataendelea kukosea, na wakati mwingine atakosea zaidi kuliko mwanzo, kwa kuwa sasa anajaribu sentensi ambazo mwaka jana hakuthubutu kuzijaribu. Tena, kwa sababu matamshi yake ni mazuri, wazungumzaji wazawa humjibu kwa kasi yao ya kawaida, wakidhani amekwisha kufika. Hivyo anajiona ameshuka, na hali ukweli ni kwamba amefika mahali pagumu zaidi.

5.0 Uwanda na Ukwamaji

Msomaji anaweza kuuliza: Je, hakuna wanafunzi wanaosimama kweli? Wapo. Selinker (1972) alieleza jinsi makosa fulani yanavyoganda katika lugha ya mwanafunzi na kudumu licha ya mafunzo. Hali hiyo tutaiita ukwamaji. Schumann (1978) alieleza habari za mtu aliyempa jina la Alberto, mzaliwa wa Costa Rica aliyekuwa akijifunza Kiingereza nchini Marekani. Katika muda wa miezi kumi ya kuchunguzwa, Kiingereza chake kilibadilika kidogo sana. Schumann hakuona sababu katika uwezo wa akili wa Alberto, bali katika umbali wa kijamii na kisaikolojia baina yake na wenye lugha.

Tofauti ya uwanda na ukwamaji ni muhimu kwa mwalimu. Aliye uwandani bado anajaribu sentensi mpya, makosa yake yanabadilika sura, na anasikia kosa lake baada ya kulitamka. Aliyekwama amepata njia ya kueleweka kwa alichonacho, hajaribu tena, na halisikii kosa lake. Ari ikipotea, wa kwanza hugeuka kuwa wa pili. Hii ndiyo hatari yenyewe: hukumu ya 'sina kipaji' haikuwa kweli ilipotamkwa, lakini ikiaminiwa kwa muda mrefu huanza kujithibitisha.

6.0 Kubadili Kipimo

Ushauri unaotolewa zaidi kwa mwanafunzi aliye uwandani ni kuvumilia. Wahenga wamesema kwamba mvumilivu hula mbivu, nasi hatuwapingi. Hata hivyo, subira isiyo na kazi maalumu ni kungoja tu. Methali inayofaa zaidi ni ile isemayo kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe: hapo kuna kamba, kuna jiwe, na kuna mahali pamoja panaposuguliwa. Tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, mwanafunzi apime wepesi badala ya wingi. Achague hadithi moja fupi na kuisimulia kwa Kihispania huku akijirekodi kwa simu yake ya mkononi. Baada ya miezi mitatu asimulie hadithi ileile bila kusikiliza ya kwanza, kisha alinganishe zote mbili: alisita mara ngapi, alirudia neno mara ngapi, alitumia dakika ngapi. Maneno yanaweza kuwa yaleyale, na bado tofauti ikasikika. Huu ni ushahidi ambao mtihani wa kujaza nafasi hauwezi kumpa.

Pili, asugue mahali pamoja. Badala ya 'kuboresha Kihispania', achague umbo moja, kwa mfano dhamira tegemezi baada ya cuando, na kwa majuma mawili aliwinde katika kila anachosoma na kusikia, akiandika katika daftari kila anapokutana nalo. Schmidt na Frota (1986) walichunguza jinsi Schmidt mwenyewe alivyojifunza Kireno nchini Brazil, wakilinganisha shajara yake na mazungumzo yaliyorekodiwa. Walionyesha kwamba maumbo aliyoanza kuyatumia yalikuwa kwa kawaida yale aliyokwisha kuyatambua katika usemi wa watu wengine. Daftari la aina hii lina faida ya pili: kurasa zake hujaa, na mwanafunzi huyaona maendeleo kwa macho.

Tatu, aache kuhesabu maneno na kuanza kukusanya mafungu ya maneno. Kujua tener 'kuwa na' na gana 'hamu' hakumfikishi mtu kwenye tengo ganas de 'nina hamu ya'. Kujua echar 'kutupa' na menos 'pungufu' hakumwambii kwamba te echo de menos maana yake ni 'ninakukosa'. Katika ngazi hii utajiri wa lugha umo katika mafungu haya, na fungu moja hurahisisha usemi kuliko maneno kumi ya nadra.

Nne, aipe ari yake uso. 'Nataka kujua Kihispania' ni lengo lisilo na umbo, na uwandani halimsaidii mtu. 'Nataka kumhoji mgonjwa bila mkalimani' au 'nataka kusoma riwaya hii hadi mwisho' ni malengo yanayoonekana. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, tunapendekeza fasihi ya Equatorial Guinea, ambako lugha za Kibantu kama Kifang na Kibubi huishi pamoja na Kihispania. Riwaya ya Ekomo ya María Nsué Angüe (1985) na Las tinieblas de tu memoria negra ya Donato Ndongo-Bidyogo (1987) zinamkutanisha na maisha ya Kiafrika katika Kihispania, na kumwonyesha kwamba lugha hii imekwisha kubeba uzoefu ulio karibu na wake.

Tano, ajue kupumzika. Tangu Ebbinghaus alipochapisha utafiti wake kuhusu kumbukumbu mwaka 1885, imejulikana kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku nyingi hudumu kuliko yaliyorundikwa siku moja. Dakika 20 kila siku zinafaa kuliko saa tatu za Jumamosi zinazomwacha mtu amechoka na amejichukia. Siku ya mapumziko iliyopangwa ni sehemu ya masomo. Isiyopangwa hugeuka kuwa juma, na juma hugeuka kuwa mwezi.

7.0 Wajibu wa Mwalimu

Mapendekezo hayo yanamhusu mwanafunzi, lakini hatakiwi kuachiwa mzigo wote. Wajibu wa kwanza wa mwalimu ni kumwambia mwanafunzi habari za uwanda kabla hajaufikia. Aliyeambiwa kwamba mbele kuna tambarare ndefu hatadhani amepotea njia atakapoikuta. Maelezo hayo huchukua nusu ya kipindi tu.

Wajibu wa pili unahusu mitihani. Mitihani mingi huhesabu makosa. Mwanafunzi anayejaribu sentensi ngumu na kukosea mara mbili hupata alama pungufu kuliko anayeandika sentensi nyepesi zisizo na kosa. Kwa njia hiyo mtihani humfundisha mwanafunzi kwamba kujaribu ni hasara, yaani humsukuma kutoka uwandani kwenda katika ukwamaji. Corder alionyesha tangu mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi ni habari juu ya mfumo anaoujenga. Basi sehemu ya alama na itengwe kwa ajili ya upana wa miundo iliyojaribiwa, na mwalimu atofautishe kosa jipya na kosa la zamani. Kosa jipya mara nyingi ni habari njema.

Wajibu wa tatu ni kuitumia lugha ya mwanafunzi. Kitabu cha Kihispania kilichotungwa kwa ajili ya mzungumzaji wa Kiingereza hutumia kurasa nyingi kueleza mambo ambayo Mswahili anayo tayari, na hupita haraka mahali ambapo daraja lake linakwisha. Jedwali la ukurasa mmoja linaloweka mifano kama (4) na (5) ubavu kwa ubavu lingemwokoa na miezi ya kujilaumu.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mwanafunzi aliye uwandani kwa kawaida anaendelea kujifunza, ila anajifunza mambo ambayo kipimo chake cha zamani hakiyaoni: wepesi, mipaka ya maana na mafungu ya maneno. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kihispania, hali hii hukolezwa na wepesi wa mwanzo ambao lugha yake mwenyewe ilimpa. Ari yake hailindwi kwa maneno ya kumtia moyo pekee. Hulindwa kwa kumpa kipimo kinachosema kweli.

Yapo mambo yanayohitaji utafiti zaidi. La kwanza ni uchunguzi wa muda mrefu wa wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaosoma Kihispania, ili kuona kama miundo ya (5) hadi (8) ndiyo inayochelewa zaidi katika usemi wao. La pili linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili. Wageni wanaojifunza lugha yetu nao hufika uwandani, na yamkini huufikia mahali tofauti: katika ngeli, katika viambishi vya urejeshi, katika mnyambuliko wa vitenzi. Kabla ya kusema kwamba mgeni fulani ameshindwa Kiswahili, tungefaa kujiuliza tumekuwa tukimpima kwa kipimo gani.